Nani alipe dawa? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu maoni ya wananchi Mombasa

Ukurasa huu ni wa vikundi vya wagonjwa wa sukari na presha, wahudumu wa afya ya jamii, wazee wa mtaa na wanafunzi wanaotaka kujua wananchi wanasemaje kuhusu serikali kugharamia dawa wanazoandikiwa hospitalini, na wanaotaka maoni hayo yafike mahali bajeti inapopangwa.

Kwani kuna mtu asiyetaka serikali imlipie dawa?

Wapo, lakini ni wachache. Ukizunguka Kongowea ukiuliza "Je, serikali ilipie dawa?" utapata "ndiyo" karibu kila mahali, na utarudi nyumbani bila kujifunza kitu. Maoni huanza kuachana pale gharama inapotajwa: nani akatwe zaidi, dawa zipi zitangulie, kipi kipunguzwe.

Mfano mzuri uko Marekani. Januari 2019 shirika la utafiti wa afya la KFF liliwauliza watu kuhusu mpango mmoja wa bima ya serikali kwa wote, na asilimia 56 wakaunga mkono. Walipoambiwa kwamba Wamarekani wengi wangelipa kodi zaidi, waliounga mkono wakashuka hadi asilimia 37. Walipoambiwa kwamba baadhi ya watu wangecheleweshewa matibabu, wakabaki asilimia 26. Ni watu wale wale, wameulizwa kwenye simu ile ile. Kwa hiyo ukisoma gazetini kwamba "wananchi wengi wanataka dawa bila malipo", tafuta kwanza swali lenyewe liliulizwaje.

Kwa sasa serikali inalipia dawa zipi?

Tangu 1 Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, ndiyo iliyochukua nafasi ya NHIF, bima ya zamani ya hospitali. Sheria ya 2023 imeweka mifuko mitatu, na dawa yako inalipiwa na mmojawapo kulingana na mahali ulipotibiwa.

Ukienda zahanati au kituo cha afya, yaani ngazi ya 2 na ya 3, anayelipa ni Mfuko wa Afya ya Msingi. Fedha zake zinatoka kwenye bajeti ya serikali, hivyo unatakiwa uwe umejisajili tu. Hudaiwi mchango ndipo utibiwe. Kujisajili ni bure, kwa *147# au kupitia mhudumu wa afya ya jamii. Ukilazwa hospitali kubwa, mfuko wa bima ndio unaolipa, na hapo mchango wako lazima uwe umelipwa. Malipo ya kitanda kwa siku yanahesabiwa pamoja na dawa, kwa hiyo mgonjwa aliyelazwa hafai kutumwa dukani. Mfuko wa tatu ni wa dharura na magonjwa sugu, na unaingia pale kiwango cha mfuko wa bima kinapoisha.

Dawa za UKIMWI, kifua kikuu na malaria zina njia yake kwenye vituo vya umma, na kwa miaka mingi zimetegemea sana wafadhili. Ndiyo maana Marekani iliposimamisha misaada ya nje Januari 2025, wasiwasi ulikuwa mkubwa zaidi kwa wanaotumia dawa hizo.

Pengo linalowauma watu zaidi ni mgonjwa wa nje kwenye hospitali kubwa: mama mwenye presha anayehudhuria kliniki kila mwezi, halazwi, na dawa zake mara nyingi zinatoka mfukoni mwake. Kwa maoni yetu, hapa ndipo mjadala ungepaswa kukaa. Dawa za presha na sukari ni za kila siku maishani, na anayezikosa leo ndiye atakayelazwa kesho kwa kiharusi au figo, kwa gharama kubwa mara nyingi zaidi.

Nimesajiliwa SHA. Mbona naambiwa dawa nikanunue nje?

Hili ndilo swali tunaloulizwa kuliko yote. Bima hulipia dawa iliyopo. Haiwezi kuitoa kwenye rafu tupu. Ili kidonge kifike dirishani Tudor au Port Reitz, mlolongo ni huu. Kituo kinahesabu kilichobaki na kilichotumika, kinaandika oda, mara nyingi ya miezi mitatu kwa zahanati na vituo vya afya. Mfamasia wa kaunti ndogo anapitia oda, kaunti inaidhinisha kulingana na bajeti, kisha oda inakwenda KEMSA, shirika la serikali linalosambaza dawa, ambako sheria inataka kaunti zianze kununua. KEMSA wakikosa dawa fulani ndipo kaunti inatafuta kwingine.

Mlolongo huu hukatika mahali panne. Kwanza, hesabu ya matumizi: kituo kilichokosa dawa kwa mwezi mzima kikiandika "matumizi sifuri" bila kueleza kwamba rafu ilikuwa tupu, oda ijayo inakuja ndogo zaidi. Pili, deni: kaunti ikiwa na madeni KEMSA, oda hukwama. Tatu, kiasi kinachojazwa: unaomba makopo 100 ya metifomini, dawa ya sukari, yanakuja 60, na wagonjwa hawakupungua. Nne, malipo ya SHA kwa kituo yakichelewa, kituo hakina fedha za kununua kidogo cha kuziba pengo, ingawa sheria ya 2023 ya kuboresha vituo inakiruhusu kubaki na mapato yake.

Ukiwa dirishani, fanya hivi. Omba karatasi iandikwe jina halisi la dawa, si jina la kampuni, kwa sababu kemisti wa mtaani atakupa ya bei nafuu yenye nguvu ile ile. Omba mfamasia aandike kando ya kila dawa kama imetolewa au haipo. Piga picha karatasi hiyo kabla hujaipeleka nje, na tunza risiti. SHA hulipa hospitali, haikurudishii wewe, kwa hiyo usitegemee fidia; lakini karatasi 50 za namna hiyo kutoka kituo kimoja ni ushahidi ambao hakuna afisa atakayeupuuza kirahisi.

Sasa serikali ipi ndiyo ya kulaumiwa, ya kaunti au ya kitaifa?

Zote mbili, kila moja kwa kipande chake. Hospitali, wafanyakazi na ununuzi wa dawa za vituo vya Mombasa ni jukumu la kaunti, Makadara, yaani Hospitali ya Rufaa ya Pwani, ikiwemo. SHA, KEMSA na makato ya mshahara ni ya serikali kuu. Dodoso linalosema "serikali" bila kutaja ipi huvuna hasira isiyo na anwani, kwa hiyo tenganisha maswali.

Kwa nini wenye mshahara na wafanyabiashara wadogo hawakubaliani?

Kwa sababu kila mmoja anaona bili tofauti. Mwajiriwa anakatwa 2.75% ya mshahara wote. Wa shilingi 30,000 anatoa 825; wa 100,000 anatoa 2,750, ilhali wakati wa NHIF kiwango cha juu kabisa kilikuwa 1,700. Halafu akienda kliniki ya nje bado analipa dawa. Lawama yake ni "nalipa zaidi, napata nini?"

Mama mboga au mwendesha tuktuk hana hati ya mshahara. Anapimwa uwezo kwa maswali kuhusu nyumba, maji, umeme na mifugo, kisha anaambiwa kiasi, kisichopungua shilingi 300 kwa mwezi, na anatakiwa kulipa cha mwaka mzima. Kwake 3,600 kwa mkupuo ndiyo shida, hata kama 300 kwa mwezi angezipata. Ndiyo sababu mpango wa Lipa SHA Pole Pole ulitangazwa mwaka 2025. Ukiwachanganya watu hawa katika asilimia moja, utapata wastani usiomwakilisha yeyote.

Umri nao una neno. Waliokuwa watu wazima Desemba 1989 wanakumbuka ada za hospitali zilipoletwa kwa jina la kugawana gharama. Mwaka 2004 ada za zahanati zikawa shilingi 10 na za vituo vya afya 20, na Juni 2013 zikaondolewa kabisa. Mzee aliyepitia hayo yote huuliza ahadi mpya itadumu miaka mingapi, na ana haki ya kuuliza.

Nchi nyingine zimefanyaje?

Kwa kifupi: Uingereza ilianza huduma ya afya ya taifa mwaka 1948 na ada ya dawa ikaingia 1952, England bado inatoza, Wales iliifuta 2007 na Scotland 2011. Kanada ilipitisha sheria ya dawa Oktoba 2024, ikianza na dawa za sukari na za kupanga uzazi tu. Marekani, sheria ya 2022 iliweka kikomo cha dola 35 kwa mwezi kwa insulini ya wazee walio kwenye bima ya Medicare. Angalia kwamba Kanada ilianza na makundi mawili ya dawa. Kuuliza wananchi "tuanze na zipi?" kuna faida kuliko kuuliza "zote au hakuna?"

Tunataka kukusanya maoni kaunti nzima. Tuhoji watu wangapi?

Watu 600 waliochaguliwa vizuri wanatosha. Kwa sampuli ya bahati nasibu, 600 hutoa kiwango cha makosa cha takriban asilimia 4 juu au chini. 400 hutoa 4.9, 1,000 hutoa 3.1. Kwa kuwa mtahoji watu wa mtaa mmoja kwa pamoja, na majirani hufanana, ongezeni kidogo: kwa 600, semeni asilimia 5.

Gaweni kulingana na idadi ya watu. Kwa sensa ya 2019 kaunti ilikuwa na watu 1,208,333, hivyo mgao wa 600 unakuwa Kisauni 145, Likoni 124, Nyali 108, Jomvu 81, Mvita 77 na Changamwe 65. Msijaribu kulinganisha kaunti ndogo: watu 65 wa Changamwe peke yao wana makosa ya asilimia 12.

Hojini watu 10 kila mtaa, msiende 30 mahali pamoja kwa kuwa chifu ni rafiki. Mhojaji mmoja hufanya mahojiano kama 10 kwa siku, kwa hiyo wahojaji 10 wanamaliza kwa siku sita.

Kosa kubwa zaidi Mombasa hutokea mlangoni. Nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita vya wapangaji ni kaya sita. Mhojaji akimhoji aliyefungua mlango na kuendelea, wapangaji hawasikiki kamwe, na hao ndio wenye kipato kidogo. Hesabuni vyumba, andikeni namba kwenye vikaratasi, chomoeni kimoja. Ndani ya kaya fanyeni vivyo hivyo kwa watu wazima wote, hata yule ambaye yuko kazini, kisha mrudi kumtafuta. Mkienda saa nne asubuhi katikati ya wiki mtawapata akina mama, wazee na wasio na kazi; wa bandarini na wanaovuka feri alfajiri kutoka Likoni mtawakosa. Fanyeni nusu ya kazi jioni na Jumamosi. Mwezi wa Ramadhani msibishe hodi karibu na magharibi. Majengo na Mji wa Kale, tumieni wahojaji wa kike kwa wanawake. Majibu yanakuwa marefu na ya kweli zaidi.

Maswali yaandikwe vipi?

Anzeni na yaliyotokea, ndipo muulize maoni. Swali la kwanza liwe: "Katika wiki nne zilizopita, wewe au mtu wa nyumba hii aliandikiwa dawa katika kituo cha umma? Mlipewa zote, baadhi, au hamkupewa hata moja?" Muweke na jibu la "hatukwenda". Bila hilo, waliokata tamaa ya kwenda wanahesabiwa kama wasio na shida.

Gharama muulize kwa mwezi, na muonyeshwe dawa yenyewe. Anayetumia metifomini mara mbili kwa siku anahitaji vidonge 60, lakini akiulizwa bei hutaja ya karatasi ya vidonge 10 aliyonunua jana. Insulini nayo ina mtego wake: kichupa cha mililita 10 kina yuniti 1,000, na mtu wa yuniti 30 kwa siku angekitumia siku 33, ila kikishafunguliwa kwa kawaida hutumika siku 28 tu. Kwa hiyo hesabuni vichupa 13 kwa mwaka, wala si 11.

Kwa upande wa maoni, jambo baya kuliko yote ni swali la kukubali au kukataa. Mgeni akibisha hodi kwa adabu, mwenyeji naye hujibu kwa adabu, na "ndiyo, mwanangu" itawajaa kwenye fomu. Mpeni mtu chaguo mbili zenye uzito sawa. Mfano: "Wengine wanasema fedha zikipatikana, kwanza zahanati zisikose dawa za presha, sukari na pumu miezi yote 12. Wengine wanasema kwanza hospitali kubwa ipate dawa ghali za saratani kwa wachache wanaozihitaji. Wewe unakaribia upande upi?" Nusu ya fomu zianze na upande wa pili, kwa sababu kinachosomwa mwisho hukumbukwa zaidi.

Makato yatajeni kwa shilingi, si kwa asilimia. Mkitaka kupima kama watu wangekubali 3% badala ya 2.75%, mwambieni mwenye mshahara wa 30,000 kwamba angetoka 825 hadi 900, na asiyeajiriwa anayelipa 300 kwamba angefika karibu 330. Njia bora ni kugawa fomu: watu 300 wasomewe swali bila gharama, 300 wengine pamoja na gharama. Tofauti iliyo chini ya pointi 8 kati ya makundi hayo msiitangaze, huenda ni bahati tu.

Jaribuni dodoso kwa watu 15 kabla ya kuchapa. Mkiona wahojiwa wanauliza "unamaanisha nini?" kwenye swali lile lile mara tatu, lifumueni.

Kura ya WhatsApp haitoshi?

Haitoshi. Wanaojibu ni waliokasirika au marafiki wa aliyeianzisha, na bibi asiye na simu janja, ambaye ndiye mtumiaji mkubwa wa dawa za presha, hayumo. Itumieni kutafuta visa vya kufuatilia, msiiandikie asilimia.

Je, tunahitaji kibali?

Kama ni utafiti wa chuo au wa kuchapishwa, ombeni leseni ya NACOSTI, tume ya taifa inayosimamia utafiti, na kibali cha kamati ya maadili kabla hamjaanza. Kwa hali yoyote, habari za ugonjwa wa mtu ni data nyeti chini ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019: ombeni ridhaa, msiandike jina na namba ya simu kwenye karatasi moja na majibu, na picha za karatasi za dawa zifuteni jina la mgonjwa. Mjulisheni chifu na mzee wa mtaa, lakini wasikae kwenye mahojiano.

Matokeo tuyapeleke wapi, na lini?

Tarehe ndizo zinazowaangusha wengi. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai, na mkifika Juni mezani pameshafungwa. Mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa Bunge la Kaunti kufikia 1 Septemba, kwa hiyo maoni yafike Agosti. Waraka wa mkakati wa fedha, unaoamua idara ya afya itapata kiasi gani, hufika kufikia 28 Februari. Huu ndio muhimu kuliko yote, na maoni yenu yafike Januari. Makadirio ya bajeti hufika kufikia 30 Aprili, na mwezi wa Mei kamati husikiliza wananchi. Hapo hamwezi kukuza mfuko wa afya kirahisi, lakini mnaweza kuomba fedha zihamishwe kutoka mstari mmoja hadi mwingine.

Andikeni kurasa mbili, si ishirini. Ukurasa wa kwanza uwe na mambo matatu: dawa zipi zilikosekana, katika vituo vipi, na kaya ngapi kati ya 600 zilinunua nje. Kisha ombi moja lenye kiasi na mstari wa bajeti. "Tunaomba dawa ziongezwe" halina pa kushikwa. "Tunaomba mstari wa dawa uongezwe ili zahanati zisikose dawa hizi tano" linaweza kujadiliwa na kuhojiwa. Pelekeni kwa karani wa Bunge la Kaunti, idara ya afya na mwakilishi wadi wenu, na kila nakala ipigwe muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri, hamkufika.

Njia nyingine ni ombi rasmi kwa Bunge la Kaunti chini ya kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012. Elezeni mlikwisha kulifikisha jambo hilo kwa nani na alijibu nini.

Maoni ya wananchi yana nguvu kweli?

Kisheria, ndiyo. Tarehe 12 Julai 2024 Mahakama Kuu ilibatilisha sheria tatu za afya za 2023, na kutoshirikishwa ipasavyo kwa wananchi kulikuwa miongoni mwa sababu. Mahakama ya Rufaa ilisimamisha hukumu hiyo 20 Septemba, na SHA ikaanza siku chache baadaye. Lakini tangu hapo maafisa wanajua kwamba mkutano wa kutimiza wajibu tu unaweza kuwarudisha kortini, na kumbukumbu zenu zilizopigwa muhuri zina thamani.

Tumewasilisha, hatujajibiwa. Tufanyeje?

Andikeni barua chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016 mkiomba vitu viwili: oda za dawa za vituo mnavyovitaja kwa robo mwaka uliopita, na kiasi kilicholetwa dhidi ya kilichoombwa. Hamlazimiki kueleza sababu. Ofisi ina siku 21 za kujibu, na inaweza kuongeza 14 mara moja tu. Ikiwa habari inahusu uhai wa mtu, ni saa 48. Wakikaa kimya, lalamikeni kwa Tume ya Utekelezaji wa Haki za Kiutawala, mkiambatanisha nakala yenye muhuri.

Wakati mnasubiri, fungueni ripoti ya robo mwaka ya Msimamizi wa Bajeti, ukurasa wa Mombasa, mwangalie idara ya afya iliidhinishiwa kiasi gani na imetumia kiasi gani. Kama fedha ziliidhinishwa na hazijatumika hadi robo ya tatu, ombi lenu la mwaka ujao lisiwe la kuongezewa. Liwe la kueleza zilizokwisha kupitishwa zimekwama wapi.